Feni ya prosesa kwa kompyuta ya zamani: anza na miguu yake

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani niliyoiunganisha mwaka 2012, prosesa ni Core i7-2600, na feni ni ile ile iliyokuja nayo kwenye boksi. Siku hizi inavuma kama mashine ya kusaga, na nikihariri video dakika kumi tu inazima yenyewe. Dukani nimeonyeshwa feni mbili: moja ya mtumba, bei poa, imeandikwa 775, nyingine ndefu yenye mataa. Nichukue ipi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hiyo ya 775 iache huko huko dukani, hata wakikupa bure. Prosesa yako inakaa kwenye soketi ya 1155, na matundu manne ya kufungia feni kwenye madabodi yako (ile bodi kuu inayobeba prosesa) yameachana milimita 75. Kwenye 775 yameachana milimita 72. Tofauti ni milimita 3 tu, ndiyo maana kwa macho zinafanana na wengi wanaingizwa mkenge. Nimeshaletewa mashine ambayo mtu aliilazimisha: miguu miwili imeingia, miwili imepasuka, na madabodi imepinda kama kigae. Prosesa ilikuwa inaguswa upande mmoja tu.

Kwenye boksi la feni tafuta maandishi 115x, au namba 1150, 1151, 1155, 1156. Zote hizo matundu yake ni sawa, na hata ya 1200 ni hayo hayo. Iliyoandikwa 1700 peke yake usiichukue, maana matundu yake ni milimita 78.

Lakini kabla hujatoa pesa, fungua kava uitazame uliyonayo. Feni za Intel za boksi zinashikwa na miguu minne ya plastiki, na mguu mmoja ukilegea hitisinki, lile bonge la chuma chini ya feni linalonyonya joto, inainuka upande, joto halipiti, feni inakimbia kwa nguvu zake zote bila kuambulia kitu. Geuza madabodi uangalie nyuma yake. Kila tundu litoke plastiki nyeupe iliyotanuka, na pini nyeusi katikati yake. Ukikuta nyeupe imechungulia tu bila kutanuka, mgonjwa ni huyo. Pesti ya joto nayo, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki, kwa umri huo, imeshakauka kama chokaa. Pangusa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, kisha bana miguu kwa mshazari, mmoja na wa mkabala wake, hadi kila mmoja ulie "tak". Vumbi lililoziba mapezi ya hitisinki lisugue kwa brashi, na feni uishike kwa kidole isizunguke unapopuliza.

Ikiwa miguu imeshapasuka au feni inakwaruza kwenye beringi, basi nunua. Prosesa yako ni ya wati 95. Igeuze hitisinki uitazame chini: yenye duara la shaba katikati na mwili mnene inamudu kazi hiyo, ile nyembamba ya alumini tupu ilikusudiwa prosesa ndogo, na kwa joto la Tanga, pamoja na kuhariri video, mimi nisingekufungia. Hakuna feni inayoweza kuipoza prosesa chini ya joto la chumba ilimo.

Sasa hiyo ndefu. Mataa hayapozi chochote, ila umbo la mnara lenye mabomba ya shaba ni zuri kweli. Shida ni urefu. Chukua rula, pima kutoka uso wa juu wa prosesa hadi bati la ubavuni mwa kava. Cooler Master Hyper 212 Evo, kwa mfano, ina kimo cha milimita 159, na kava nyingi za bei nafuu hazifungi juu yake. Kwako mnara mdogo wenye feni ya milimita 92 unatosha kabisa. Angalia tu usivilalie vijiti vya RAM (kumbukumbu) vilivyo pembeni, na plagi yake iwe ya pini 4 ili madabodi iweze kupunguza na kuongeza kasi.

(Wenye kompyuta za Dell OptiPlex msinifuate kichwakichwa. Baadhi yake zina plagi ya feni ya pini 5 na hitisinki inayofungwa kwa skrubu. Tafuteni ya modeli ile ile.)

Ukishafunga, washa, anza kuhariri video, na fungua programu ya kuonyesha joto. Ikitulia kwenye nyuzi 60 hadi 75 endelea na kazi. Ikipanda hadi 95 ndani ya dakika ya kwanza, zima haraka, geuza madabodi, uihesabu tena ile miguu minne.