Kabla Gari Halijaitwa: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kufikisha Samani Kubwa

Ninyi mnaoingia katika biashara ya samani zinazouzwa kwa picha za Instagram na WhatsApp hapa Dar es Salaam mtaambiwa kwamba kazi yenu ni kutafuta gari. Gari ndilo jambo jepesi kuliko yote, kwani anayesimama kidogo kando ya karakana za Keko hapungukiwi kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo. Kazi yenyewe ni kuuliza maswali kabla gari halijaitwa, na kuyauliza kwa adabu lakini bila kuona haya, kwa sababu mteja aliyekwisha kulipa huamini kwamba mambo yote yamekwisha, ilhali hakuna aliyemweleza kwamba kabati alilolipenda kwenye simu ni la kipande kimoja na halifunguliki.

Anzeni na vipimo. Mteja husema anataka kitanda cha 5 kwa 6 au 6 kwa 6, lakini futi hizo ni za godoro, na ubao wa kichwani huzidi hapo. Hata hivyo kitanda hakisumbui sana, maana mifumbati, chaga na matendegu hufunguliwa na kupitishwa kimoja kimoja. Wasumbufu ni sofa ya watu watatu na kabati la nguo lililopigwa misumari na gundi moja kwa moja. Mlango unaoitwa wa futi 3 haumpi mbebaji inchi 36: toeni unene wa fremu pande zote mbili, toeni na ubao wa mlango wenyewe ambao mara nyingi haufunguki hadi ukutani, na penye mlango wa nondo kwa nje toeni tena, ndipo mtajua nafasi iliyobaki. Linganisheni nafasi hiyo na kina cha sofa, kisha na kimo chake kutoka sakafuni hadi mgongoni, kwa kuwa sofa isiyopita ikiwa imekaa huweza kupita ikilazwa kwa mgongo. Halafu ulizeni habari za kona. Mimi naihofia kona ya korido kuliko mlango, kwa sababu mlangoni mzigo hunyooka, lakini konani unapaswa kugeuka ukiwa ungali mikononi mwa watu. Mwombeni mteja apige video fupi kuanzia getini hadi chumba kinachohusika, na apime kwa futi kamba mahali pembamba kuliko pote. Asiye nayo ataazima kwa fundi yeyote wa mtaani.

Kipimo kinachofuata ni cha njia. Katika vichochoro vya Manzese na Tandale gari huishia barabarani, na mwendo uliobaki ni wa mkokoteni au mabega, kwa hiyo wabebaji wawili hawatoshi. Anayepeleka Kigamboni kwa Daraja la Nyerere ahesabu tozo ya daraja katika nauli, asije akamwachia dereva aidai njiani. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani maji yanapojaa, na mzigo uliopangiwa asubuhi unaweza kulala garini. Katika miezi hiyo usikubaliwe mzigo wowote bila turubai nzima, hata kama anga ni jeupe, hasa ikiwa samani ni ya MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ambayo ikilowa kwenye kingo huvimba na hairudi hali yake. Mninga uliopakwa vanishi utavumilia manyunyu, MDF haivumilii.

Nauli ya gari na ujira wa wabebaji ni mambo mawili tofauti, na ugomvi mwingi ninaoujua umetokana na kuyachanganya. Dereva wa kirikuu ameajiriwa kuendesha. Kama mteja anaishi ghorofa ya 4 isiyo na lifti, semeni hivyo kwa wabebaji kabla hawajapanda garini, mtaje idadi ya ngazi na uzito, mkubaliane bei, na mwandike makubaliano hayo kwenye ujumbe ambao mteja pia ameuona. Kupandisha bei mbele ya mlango wa mteja ni kumdhulumu, na kumtaka kuli abebe kabati hadi juu kwa bei ya chini ni kumdhulumu yeye.

Ufungaji unastahili subira kuliko wanavyoupa wengi. Samani iliyotoka kupakwa vanishi isifungwe nailoni siku hiyo hiyo, kwa maana vanishi ambayo haijakauka sawasawa hushikana na nailoni, na ikibanduliwa huacha alama ambazo hazifutiki mpaka pawekwe msasa na kupakwa upya. Fundi atawaambia imekauka, kwa sababu anataka nafasi ya karakana yake. Bonyezeni kidole gumba mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya meza, mjionee wenyewe. Pembe zote zivalishwe maboksi, na kamba isigusane na mbao, kwani mtikisiko wa njiani huifanya kamba kuwa kama msumeno. Kioo husafiri kikiwa kimesimama kati ya godoro na ubao wa kichwani, hakilazwi kamwe. Droo zitolewe au zifungwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi isiyobandua rangi. Nati na skrubu ziwekwe kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye mfumbati, pamoja na spana yake. Kisha pigeni picha kila upande kabla ya kupakia, na nyingine mzigo ukiwa garini.

Mzigo wa mikoani unataka uangalifu wa aina nyingine. Malori yanayoleta mazao Dar es Salaam hurudi yakiwa na nafasi, na nauli yake huwa nafuu, lakini samani itapakiwa pamoja na mizigo ya watu wengine na huenda ikahamishwa njiani. Chukueni jina la dereva, namba ya gari na hati ya mzigo inayotaja hali ya samani. Zaidi ya yote, muuzaji na mnunuzi waandike ni nani anayebeba hasara mzigo ukiharibika njiani. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, hatari hufuata umiliki isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo, na kumkabidhi msafirishaji mzigo kwa niaba ya mnunuzi huhesabiwa kwa kawaida kuwa ni kumkabidhi mnunuzi mwenyewe. Wateja wengi hudhani kinyume chake, na si haki kuwaacha walijue jambo hilo siku sofa inapofika imechanika.

Kuhusu fedha, malipo ya awali ni halali, kwa kuwa fundi hununua mbao kwa fedha hizo, lakini salio libaki hadi mzigo uonekane. Fedha ya nauli itumwe kwenye namba ya biashara iliyotangazwa, na mteja asome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala. Likiwa jina geni, asitishe na apige simu kwanza. Mfundisheni mteja hivyo hata kama itachelewesha safari.

Siku ya kufikisha, awepo mtu mzima mwenye mamlaka ya kupokea, na mlinzi wa jengo awe amekwisha kuarifiwa. Fungueni nailoni mbele ya mpokeaji, gari likiwa bado lipo. Unganisheni kitanda mpaka chaga ya mwisho, vuteni kila droo, fungueni na kufunga kila mlango wa kabati, kisha mpokeaji alinganishe anachokiona na picha za kabla ya kupakia. Kasoro ikionekana iandikwe hapo hapo kwenye karatasi ya makabidhiano, pamoja na siku ambayo fundi atakuja kuirekebisha, na nani atakayemlipa. Pande zote mbili zikishasaini, salio litumwe na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, itolewe, ndipo wabebaji walipwe na dereva aruhusiwe kuondoka.