Canongate si lango: kwa mnaoanza kutafsiri Kiskoti

Wiki hii nimesoma rasimu za watafsiri wetu wapya watatu, na wote wameandika "Lango la Ng'ombe" kwa Cowgate, mtaa wa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Nilipofika ya tatu nikafunga kompyuta, nikaenda kuchemsha chai. Wadogo zangu, nawapenda, lakini shimo hilo mimi nilitangulia kutumbukia. Sikilizeni.

1. Gate ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo ndugu ya Kiingereza, ni njia. Asili yake ni gata ya Kinorsi cha kale, neno ambalo Waswidi hadi leo wanaitia mtaa. Lilifika na Waskandinavia kaskazini mwa Uingereza, na kuanzia karne ya 12 likapanda Uskoti na wafanyabiashara na mafundi waliohamia miji mipya ya Mfalme David wa Kwanza. Gate ya Kiingereza, yaani lango, imetokana na geat ya Kiingereza cha kale. Sura moja, koo mbili, kama kaa wa pwani na kaa la moto. Kwa hiyo Cowgate ni njia waliyoswagia ng'ombe, na Mskoti akikuambia "gang yer ain gait", anakuambia ushike njia yako.

2. Kabla ya kutafsiri jina la mahali, ulizeni pale palikuwa na nini. Hapa nina kidonda. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kijitabu cha kuongoza wageni. Canongate, mtaa mwingine wa Edinburgh, nikaiita "Lango la Makanoni", kwa kuwa nilijua abasia ya Holyrood, iliyoanzishwa 1128, ilikuwa ya makanoni, yaani mapadri wanaoishi pamoja kwa kanuni, nikaamini kazi ya utafiti imekwisha. Kikachapwa. Miezi michache baadaye nikawa nawatembeza wachungaji kutoka Kenya. Mzee mmoja, kijitabu mkononi, kidole juu ya mstari wangu, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, lango lenyewe ni lipi?" Nikatazama juu, nikatazama chini. Mtaa wa mawe unateremka hadi kasri la Holyrood, lango halipo. Nikamjibu kwamba labda lilibomolewa. Nilimdanganya mzee wa watu mchana kweupe. Yeye akaenda kumuuliza mwenyeji aliyesimama mlangoni mwa duka, na yule bwana akatupeleka hadi makutano ya High Street na St Mary's Street, akatuonyesha vibao vya shaba vilivyopachikwa barabarani. Hapo ndipo liliposimama lango la mji, likabomolewa 1764. Ila jina lake lilikuwa Netherbow Port! Lango la mji Waskoti waliliita port, na lango la kawaida yett. Nilikuwa nimejenga lango pasipokuwa na lango, na penye lango nimepita nikipakanyaga. Mzee akatoa kalamu, akakata neno langu taratibu, akaandika juu yake "Njia". Hakuniambia kitu. Mkwaruzo wa kalamu ile ningali nausikia.

3. Z katikati ya neno la zamani, kama assoilzie ya mahakamani (kumwondolea mshtakiwa dai), msiitamke kama z: wachapaji waliiweka mahali pa herufi ya kale iliyosomeka kama y.

4. Neno la kabla ya 1700 litafuteni katika kamusi ya Kiskoti cha kale (Dictionary of the Older Scottish Tongue), la baadaye katika kamusi ya taifa ya Uskoti (Scottish National Dictionary). Zote mbili zipo mtandaoni bure.

5. Tron ni mizani ya sokoni, basi Trongate ya Glasgow mnaiweza. Seagate ya Dundee nileteeni kabla ya Ijumaa.