Kamera ya kufika vilindini bila meli ya utafiti: je, shule ya pwani inaweza?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari jijini Tanga. Baadhi ya wanafunzi wangu ni watoto wa wavuvi wa jarife, na tangu utotoni wamesikia habari za silikanti, samaki wa kale wa vilindini, wanaonaswa katika nyavu za wazazi wao. Wananiuliza kwa nini picha zote za vilindi vya bahari hutoka kwa watu wa mbali. Tunataka kujua kama tunaweza kujenga kamera ya kufika mita 500 na kuiteremsha kutoka kwenye mashua ya kawaida, na ni mambo gani ya kiufundi tuyazingatie. Aidha, tuna mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye ndiye hodari wa hesabu kuliko wenzake wote. Je, anaweza kushiriki kikamilifu, au atabaki ufukweni akisubiri kusimuliwa?

JIBU: Mwalimu, inawezekana, na ninyi mko mahali panapofaa kuliko pengi duniani. Mkondo unaotenganisha Pemba na bara hufikia kina cha takriban mita 800, kwa hiyo mashua inayoondoka asubuhi hufika juu ya kilindi bila safari ya siku nyingi. Wanafunzi wenu wana haki ya kuuliza swali hilo la picha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulikusanya kumbukumbu za takriban mizamio 44,000 na kukuta kwamba binadamu ameona kwa macho au kwa kamera pungufu ya asilimia 0.001 ya sakafu ya bahari iliyo kwenye kina cha mita 200 au zaidi, na kwamba asilimia 97 ya mizamio hiyo ilifanywa na nchi tano tu: Marekani, Japani, New Zealand, Ufaransa na Ujerumani. Kinachowazuia wengine hasa si kina chenyewe. Ni mazoea ya kuufunga utafiti wa vilindini na meli ambayo gharama yake kwa siku moja hufikia makumi ya maelfu ya dola.

Mazoea hayo yameanza kuvunjwa. Kamera iitwayo Maka Niu, jina la Kihawaii lenye maana ya jicho la nazi, ilibuniwa na wahandisi wa Marekani wakishirikiana na wenyeji wa Hawaii. Imeundwa kufika mita 1,500, na ni ndogo kiasi cha kuteremshwa kwa kamba na mtu aliye katika chombo kidogo. Sisemi muinunue au muiige. Naitaja kwa sababu wenyeji walikaa mezani tangu siku ya kwanza ya usanifu, na matokeo yake ni kifaa kinachomfaa mtu asiye na winchi, yaani mashine ya kuvutia kamba, wala fundi wa kudumu.

Sasa tuingie katika fizikia, ambayo wewe mwenyewe utaifundisha vizuri kuliko mimi. Kila mita 10 za maji huongeza takriban kilo moja ya mgandamizo kwa kila sentimita ya mraba. Katika mita 500, dirisha la kamera lenye kipenyo cha sentimita 6 linabeba uzito wa karibu tani moja na nusu. Kwa dirisha bapa la ukubwa huo nisingekubali akriliki (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) yenye unene unaopungua milimita 20. Kuhusu mwili wa chombo, wengi hudhani hatari ni bomba kupasuka, kumbe bomba linalosukumwa kutoka nje hubonyea ghafla, na ubonyeaji huo hutegemea zaidi kipenyo, urefu na unene wa ukuta kuliko uimara wa malighafi peke yake. Kwa hiyo chagueni bomba fupi, jembamba kwa kipenyo na nene kwa ukuta, ikiwezekana la alumini lililochongwa na fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Bomba la plastiki la maji ya nyumbani lisitumike hata kwa jaribio. Taa ni rahisi zaidi: LED zikizamishwa ndani ya epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, isiyo na mapovu hazihitaji chombo chochote, kwa sababu hakuna hewa ya kubanwa.

Sehemu itakayowasumbua ni oringi, pete ya mpira inayozuia maji kupenya kwenye kifuniko. Chombo changu cha kwanza kilijaa maji kwa sababu ya punje moja ya mchanga, nami nilipoteza kamera na kazi ya miezi minne. Tangu hapo sifungi kifuniko ufukweni wala mashuani. Nakifunga ndani ya chumba, mezani, nikiwa nimepangusa mfereji wa oringi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na kupaka grisi ya silikoni kidogo tu, ya kung'arisha mpira na si ya kuziba. Baada ya kufunga, nyonyeni hewa kwa pampu ndogo ya mkono kupitia tundu lenye kizibo, muache kwa nusu saa, na mtazame kama kipimo cha mgandamizo kinarudi. Kikirudi, kuna mahali panavuja, na ni bora kulijua hilo mezani. Wekeni pia vifuko vya kunyonya unyevu. Maji ya juu huko kwenu yana nyuzi 25 au zaidi, ilhali katika mita 500 hushuka hadi takriban nyuzi 10, na dirisha litapata ukungu kwa ndani iwapo hewa iliyofungiwa ni ya unyevunyevu.

Uzamio wa kwanza uwe wa chombo kitupu. Tieni ndani yake karatasi ya shashi iliyo kavu na jiwe la uzito, mkiteremshe hadi kina kinachozidi kidogo kile mlichokusudia, kisha mkague karatasi. Hapa nina onyo ambalo sitaki lipuuzwe: chombo kilichovuja vilindini huweza kupanda kikiwa kimefungia ndani yake mgandamizo wa kule chini. Kifuniko chake kinaweza kuruka kama risasi. Kikionekana kina maji, mtu yeyote asikielekee kwa uso, kizibo kilegezwe polepole na mtu mzima aliyesimama ubavuni, na kama kina betri ya lithiamu kiachwe kwanza mahali pa wazi mbali na watu.

Kuhusu kuteremsha, wazazi wa wanafunzi wako wanajua mengi ambayo hayamo katika vitabu vyangu. Mita 500 ni kama pima 273, lakini mkondo wa bahari wa pwani yetu huikokota kamba, kwa hiyo tayarisheni angalau mara moja na nusu ya urefu huo. Kamba nyembamba iliyo imara ni bora kuliko nene, maana mkondo hushika unene. Iwekeni kwenye pipa ikiwa imepangwa duru kwa duru ili isinase mguu wa mtu wala kufuata rafadha ya injini, na nahodha azime injini wakati kamba inashuka. Chagueni siku za maji mafu, wakati wa maleleji kati ya kusi na kaskazi. Wapo wanaotumia kifaa kisicho na kamba, kinachoshushwa na mawe na kupandishwa na boya baada ya kiungo cha metali kuliwa na maji ya chumvi. Ni njia nzuri, ila kwa kikundi kinachoanza naipendelea kamba, kwani mnajua kifaa chenu kiko wapi.

Picha isiyo na kumbukumbu ni ya kutazamwa tu. Kila uzamio uandikwe tarehe, saa, nafasi ya mashua kwa GPS, urefu wa kamba, pembe yake ya kuingia majini, na joto lililopimwa na kifaa kidogo kilichofungwa kando ya kamera. Hapo ndipo anapoingia mwanafunzi wako. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari kiasi cha kurusha video, kwa hiyo kamera yenu itahifadhi picha katika kadi na hakuna mtu, hata aliye mashuani, atakayeona kitu kabla haijapanda. Kwa maana hiyo, uvumbuzi wenyewe hufanyika darasani, kwenye skrini, wakati mtu anapotambua kiumbe, anapokadiria kina halisi kutokana na urefu wa kamba na pembe yake, na anapoamua tushuke wapi mara ijayo. Mpe uongozi wa kazi hiyo, na jina lake litangulie katika taarifa. Akitaka kwenda baharini, jambo hilo lipangwe pia, kwa gati lenye njia ya mteremko, boti pana, jaketi la kuokolea linalomfaa na nahodha aliyekubali mapema. Wako watafiti wakubwa wanaoongoza mizamio kutoka nchi kavu kwa njia ya setilaiti, wala hakuna anayewahesabu kuwa nusu watafiti.

Lugha nayo ni mlango. Mwaka 2025 wanasayansi wa Argentina walizamisha roboti SuBastian kutoka meli ya utafiti ya Falkor (too) katika korongo la chini ya bahari la Mar del Plata, wakarusha picha moja kwa moja huku wakizungumza Kihispania chao, na makumi ya maelfu ya wananchi wakawa wanatazama kwa wakati mmoja. Nawasihi simulizi ya video zenu iwe ya Kiswahili, na majina ya wavuvi yaandikwe kando ya majina ya kisayansi.

Jambo la mwisho ni vibali. Tangu 2009 sehemu ya bahari yenu ni Hifadhi ya Silikanti, na samaki huyo analindwa kimataifa, kwa hiyo msishushe taa wala chambo humo bila idhini ya taasisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Shirikianeni na TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) au Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, ambao watawaelekeza kuhusu kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia). Waulizeni pia kuhusu meli za kigeni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, katika kifungu cha 248, unazitaka zitoe taarifa za mradi miezi 6 kabla ya kuanza utafiti katika maji ya nchi nyingine, na kifungu cha 249 kinaipa nchi ya pwani haki ya kuwakilishwa ndani ya meli na kupata takwimu na sampuli. Nafasi hizo zipo, na mwalimu anayejua tarehe anaweza kuziomba kupitia taasisi hizo.

Kabla hamjakata bomba, nitumieni mchoro wenye vipimo vyote, hasa unene wa ukuta na upana wa mfereji wa oringi, niupitie. Nanyi wakati huohuo anzeni maombi ya kibali, ili majibu yawahi maleleji yajayo.