Kabla Hujaweka Dau kwenye Mnada wa Sarafu za Mjerumani

Rupia ya kwanza niliyoishinda mnadani ilinifikia kwa posta, nami nikaifungua mikono ikinitetemeka kwa furaha. Ilikuwa ya 1890, ya ile kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki: upande mmoja Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma yenye tai, upande wa pili simba na mtende. Nilipoigeuza ukingoni, pale juu ya kichwa cha Kaiser, nikaona kinundu cha fedha kilichosuguliwa kwa tupa. Rupia yangu iliwahi kuwa kidani. Watu walizivaa sana shingoni, na hii yangu kuna aliyekuja kuing'oa kitanzi cha kuning'inizia. Kwangu hiyo nayo ni historia, ila sokoni bei yake inaporomoka.

Muuzaji hakunidanganya. Mwisho wa maelezo palikuwa na neno moja, *Henkelspur*, yaani alama ya kitanzi. Mimi nililiruka kwa sababu picha ilikuwa inang'aa.

Sarafu nyingi za enzi ile huuzwa kwenye minada ya Ujerumani, kwa hiyo jifunze vifupisho vyao kabla ya kufungua akaunti. *ss* maana yake ni "nzuri sana", lakini usichangamke: ni sarafu iliyotumika ikachakaa kiasi. Inayofuata kwa ubora ni *vz*, na *st* ndiyo ambayo haikupita mikononi mwa watu. Ukiona *gereinigt* au *poliert*, imesafishwa au imesuguliwa. Mimi siku hizi naipita. Uliza pia uzito. Rupia ina takriban gramu 11.66, na pungufu kubwa ni dalili mbaya.

Hela za Tabora zina mtego wake. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezuiwa baharini na Waingereza, walizigonga kwenye karakana ya reli, na kazi ilikuwa ya haraka. (Ndiyo, neno letu "hela" limetoka kwenye hiyo *heller*, sarafu ndogo ya Mjerumani.) Nyingi zina herufi hafifu tangu siku zilipotoka kwenye mashine, hivyo uhafifu peke yake usikufanye uamini imechakaa. Linganisha picha za hela kumi kwanza, jicho litazoea.

Sasa fedha yako. Panga kikomo usiku wa kuamkia mnada, na uhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tuseme una yuro 200. Toa 40 za kusafirisha, zinabaki 160. Kama ada ya mnunuzi, ile wenye mnada wanayokuongezea juu ya dau lako, ni asilimia 25, gawanya kwa 1.25: unapata 128. Dau likiwa linapanda kwa kumi kumi, basi mwisho wako ni 120. Ushuru wa forodha uuweke pembeni kabisa, maana huo utakukuta posta.

Iandike hiyo 120 kwenye karatasi, uibandike kando ya kompyuta. Mnada ukishaanza, vitu vinapita mbio, na ukizidiwa dau kwa mara ya tatu unaanza kumwona yule usiyemjua kama adui yako. Hapo ndipo watu wanapoteza kodi ya nyumba. Tena video huchelewa sekunde kadhaa, na bando likisuasua nyundo inagongwa wewe bado unabonyeza. Kwa hiyo mimi huwaachia kikomo changu kwa maandishi mapema, mfumo unanipandia wenyewe. Na angalia saa: saa nne asubuhi ya kule ni saa tano kwetu wakati wa kiangazi chao, saa sita wakati wa baridi.

Ukikosa, rudi kwenye katalogi kesho yake. Vitu ambavyo havikupata mnunuzi mara nyingi huuzwa baada ya mnada kwa bei ya kuanzia, bila kushindana na mtu. Hela yangu ya Tabora, ile yenye taji lililotoka vizuri, niliipata hivyo, siku mbili baada ya nyundo ya mwisho.