Farasi aliyevuliwa chuma: usimtembeze kwenye mawe, wala usimrudishie viatu kwa hofu

Ndugu yangu wa Mambrui, umeeleza kwamba farasi wako amevuliwa viatu vya chuma wiki tatu zilizopita. Kwenye mchanga anakwenda sawa, lakini akifika kwenye changarawe ya njia ya nyumbani anakanyaga kwa kusitasita. Fundi anataka kumpigilia tena, na jirani anakwambia umtembeze kwenye mawe mpaka nyayo zikomae. Mimi ni saisi hapa Malindi, nimetunza farasi wa kupandisha wageni ufukweni miaka mingi, na baadhi yao nimewalea tangu siku ya kuvuliwa chuma mpaka wakatembea popote. Kwa hayo uliyoeleza sioni haja ya kurudisha viatu sasa. Na hilo la mawe, likatae kabisa.

Chuma kinapokaa mguuni miaka, ukuta wa ukwato ndio unaobeba karibu mzigo wote. Unyayo umeinuliwa juu ya ardhi, haufanyi kazi, basi unabaki mwembamba. Ile pembetatu laini iliyo katikati, inayonepanepa ukiibonyeza kwa kidole gumba, inasinyaa, na visigino vinabanana. Ukishavua chuma, vyote hivyo vinaguswa na ardhi kwa mara moja, navyo havijazoea. Tena ukingo wa chini wa ukuta umejaa matundu ya misumari na unameguka. Ukuta mpya unashuka kutoka pale nywele zinapoishia, kiasi cha milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kwa hiyo sehemu ya mbele huchukua miezi 9 hadi 12 kubadilika yote, visigino huwahi zaidi. Kwa wiki tatu huwezi kudai chochote.

Sasa mtazame anavyotembea ukiwa umechuchumaa pembeni. Farasi asiye na maumivu hutangulia kugusa chini kwa kisigino, japo kwa tofauti ndogo sana. Anayeumia hutangulia kwa ncha ya mbele, akikiepusha kisigino. Hapo ndipo mawe yanapomharibu: kila hatua ya maumivu inamfundisha kutokitumia kisigino, na nyama za nyuma ya ukwato hukua kwa kukanyagiwa tu. Kumkomaza kwa kumuumiza ni kumchelewesha. Ninachotafuta mimi ni hatua nyingi zisizouma.

Na Mwenyezi Mungu ametupa pwani hii. Maji yakishakupwa, hasa siku za bamvua ufuo unapokuwa mpana, ule mchanga mbichi ulioshikana ndio uwanja bora kuliko wowote. Haumchomi, lakini unaujaza unyayo na kuisukuma ile pembetatu kwa chini. Mtembeze hapo kwa mkono, bila mpandaji, muda mfupi asubuhi na jioni, na uongeze kidogokidogo. Mchanga mkavu wa juu uache, miguu inazama na kano za nyuma ya mguu zinavutwa bure. Ukirudi, suuza kwato kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na umsimamishe pakavu, maana ukwato unaolowa kutwa hulainika. Masika yakianza, suala la pakavu lina uzito kuliko yote ninayokwambia hapa.

Kila siku chokonoa kwato na uzinuse, sisemi mzaha. Nilikuwa na jike mmoja aliyekataa kukanyaga kisigino, na kila mtu aliamini ni unyayo mwembamba. Nilipozifungua zile nyufa pembeni mwa pembetatu kwa pamba nilikuta uji mweusi, na harufu iliyobaki kwenye vidole hata baada ya sabuni. Ulikuwa uozo tu. Tulisafisha, tukakausha, tukampa sakafu kavu, na mwendo ukabadilika kabla ukuta haujakua hata kidogo. Angalia pia ule mstari mweupe unaotenganisha ukuta na unyayo. Ukiona chembe za mchanga zimejipenyeza ndani yake, zitoe taratibu kwa brashi ngumu.

Kuhusu fundi wako, mheshimu lakini ongea naye. Aliyezoea kutayarisha ukwato kwa ajili ya chuma huusawazisha unyayo kwa kisu na kuipunguza pembetatu. Kwa farasi wa miguu mitupu, huko ni kumvua kinga aliyonayo. Mwambie asiguse unyayo, pembetatu aondoe vipande vinavyoning'inia tu, na ukingo wa ukuta auzungushe kwa tupa ili usipasuke. Kidogokidogo kila wiki 4 hadi 6 ni bora kuliko kukata sana mara moja. Kwa ile njia ya changarawe, ukipata viatu vya mpira vya kuvaa na kuvua, mvalishe apitapo hapo tu. Pima upana na urefu wa ukwato mara baada ya kupigwa tupa, vikipwaya vinamchubua.

Chakula ndicho ninachokisisitiza kuliko tupa. Umesema anapewa pumba na molasi. Molasi iondoe leo. Sukari ikizidi huvimbisha mishikizo inayoufunga ukuta na mfupa wa ndani, na farasi wengi wanaodhaniwa wana nyayo laini kwa kweli wanaumwa huko. Pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ipunguze. Msingi uwe nyasi kavu za Boma Rhodes, na lusini kiasi, yaani majani ya alfalfa. Muulize daktari wa mifugo madini ya farasi yenye zinki na shaba, na biotini miligramu 20 kwa siku ukiimudu, ila ni ya miezi mingi. Usimpe chakula cha kuku wala madini ya ng'ombe bila kusoma kilichomo: monensini, dawa inayochanganywa humo, inaua farasi. Na umlishie juu ya mkeka au ndani ya karai, mchanga ukiingia tumboni unaleta msokoto.

Kuna waliosema mbona punda wa Lamu wanabeba mawe na saruji bila chuma. Kweli, lakini punda yule hajavaa chuma tangu azaliwe, ni mwepesi, na ukwato wake umesimama wima zaidi. Hata hivyo naye anahitaji kukatwa, na ile hospitali ya punda iliyopo Lamu tangu 1987 inazitibu kwato pia. Usimpime farasi wako kwa punda.

Jifunze kupapasa mshipa wa pembeni, nyuma ya kifundo cha mguu. Akiwa mzima mapigo yake huyasikii kwa urahisi. Ukiyasikia yanagonga kwa nguvu miguu yote miwili ya mbele, kwato zina moto, naye anajivuta nyuma kuhamishia uzito kwenye miguu ya nyuma, acha kumtembeza, mweke juu ya tabaka nene la maranda ya mbao na umwite daktari siku hiyohiyo. Ikiwa ni mguu mmoja, na ghafla hataki hata kuugusisha chini, mara nyingi ni usaha umejifungia ndani. Loweka kwa maji ya vuguvugu na chumvi ya Epsom, daktari aufungue, kisha ufunge kwa nepi ya mtoto na utepe mpana. Hakikisha ana chanjo ya pepopunda, farasi wanadhurika nayo vibaya.

Kazi ya wageni isimame kwa sasa. Najua ndiyo riziki, lakini farasi anayechechemea haingizi pesa. Akianza kutangulia kwa kisigino kwenye mchanga mbichi, mpandishe mtu mwepesi hapo hapo, usimkimbize. Akifikisha mwaka, umelisha vizuri na umemtunza, bado changarawe inamshinda na kazi yake ni ya barabarani, basi mrudishie chuma bila kuona haya, maana si kila farasi ana unyayo wa kutosha. Ila kwa wiki tatu, hapana. Tuma picha za kwato nne, kila moja kwa pembeni na kwa chini, ukisha kuziosha, nami nitakwambia ninachokiona.