Kulisha hamingbedi: sukari ni rahisi, kazi iko kwenye kuosha

Nilipohamia Houston kutoka Tanga niliona kandege kadogo kananyonya ua kwa jirani, nikajua ni chozi wa nyumbani, kumbe siye. Chozi wetu mara nyingi anatua kwenye kijiti ndo anyonye, huyu anasimama hewani, mbawa huzioni, unasikia mvumo tu, na akishiba anarudi kinyumenyume. Huku wanaitwa hamingbedi, mi namwita mvumaji. Anayepita sana kwetu ni yule ambaye dume lake lina koo jekundu, uzito wake gramu 3 hivi, yaani amezidi kidogo tu sarafu ya senti moja ya Marekani.

Sa nikanunua fida, kile chombo cha kulishia, nikaijaza maji ya sukari nikaitundika barazani nikatulia, nikawa naongeza tu yakipungua. Wakaja kama wiki mbili hivi halafu kimya. Siku nimeishusha nikaisogeza puani, inanuka kama tembo la mnazi lililolala siku tatu, na kwenye vile vitundu vya kunyonyea kuna ukungu mweusi umejipanga kama masizi. Niliumia sana, maana hao ndege nimewaita mwenyewe halafu nawawekea kitu cha kuwaua.

Kwa hiyo ndugu yangu kama huna muda wa kuosha, panda maua tu uache fida. Joto la Houston mwezi wa 7 linapita nyuzi 32 karibu kila siku, maji yanachacha haraka, mi nabadilisha kila siku au siku mbili, yakibaki namwaga siongezei juu. Naosha kwa maji moto na siki, vitundu nasugua kwa kaburashi kadogo, nasuuza mpaka harufu ya siki iishe.

Kuchanganya ni rahisi: kikombe 1 cha sukari nyeupe ya kawaida, vikombe 4 vya maji, koroga iyeyuke, poza. Asali usiweke, inaleta kuvu, sukari ya kahawia pia hapana, na ile rangi nyekundu ya dukani haina kazi yoyote, fida yenyewe ikiwa na wekundu inatosha. Sisimizi wakikusumbua weka kikombe cha maji juu pale inaponing'inia, washindwe kuvuka, usipake mafuta yatagandamana kwenye manyoya ya ndege.

Kingine, dume mmoja anaweza kukalia fida nzima asubuhi mpaka jioni anafukuza wenzake. Nikaweka ya pili upande wa pili wa nyumba asikoweza kuona, fujo zikapungua.

Ila sukari peke yake haimjengi ndege, wanakula pia vidudu vidogo na buibui, na jike anachukua utando wa buibui kushonea kiota, ndo maana dawa ya wadudu niliacha kabisa kupuliza. Kwenye maua, nawashauri malvaviskasi, jamaa wa hibiskasi ambaye ua lake jekundu halifunguki, linabaki limejikunja, linavumilia kivuli na hili joto, na hao ndege wanaligombania kweli. Salvia nyekundu nayo nzuri.

Wengi wananiambia Septemba toa fida, eti utawachelewesha kusafiri. Si kweli, wanaondoka kwa kufuata urefu wa mchana, si kwa kukosa chakula, na huo ndo wakati wanahitaji zaidi maana wananenepa karibu mara mbili kabla ya kusafiri, na wengine wanavuka Ghuba ya Mexico moja kwa moja, kama kilomita 800 bila pa kutua. Septemba mi natundika fida nne. Desemba nabakiza moja, kwa ajili ya wale wachache wanaokaa huku baridi yote, na ikitokea usiku wa barafu naiingiza ndani, alfajiri kabla hakujapambazuka naitoa, maana wanaamka na njaa kali.