Usisaini Ijumaa. KCSE kwanza, kalamu baadaye

Usisaini. Ijumaa usipande matatu ya Kisumu, na usitume hata hiyo elfu tano ya "kushikilia nafasi". Nimesoma swali lako nikiwa dukani, nikafunga duka ndio nikujibu, maana kila neno ulilosema huyo ajenti amekuambia, mimi niliambiwa mwaka 2023. Ni kama amesoma karatasi ileile.

Kwa wanaoingia uzi huu sasa: ndugu yetu yuko Kakamega, kijana wake ana miaka 17, yuko Form Three, kimo futi 6 na inchi 8. Kuna mtu amemwambia ligi ya mpira wa kikapu ya Australia inatafuta vijana wa Afrika kabla hawajachukuliwa kwingine. Alipe shilingi 95,000, kijana aache shule mwezi ujao aingie kambini Nairobi, mkataba usainiwe Ijumaa hotelini Milimani, Kisumu. Anauliza kama hiyo ni bora kuliko skolashipu ya Marekani, kijana ale nini aongeze mwili, na viatu saizi 15 atavipata wapi.

Alichokuambia kuhusu Australia ni kweli, na ndiyo sababu naogopa. Ligi ya huko inaitwa NBL, ina klabu za Australia na New Zealand. Tangu 2018 wana mpango wa Next Stars: ligi yenyewe inamsajili kijana anayetazamiwa kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, inampeleka kwenye mojawapo ya klabu zake, anacheza na watu wazima huku akingoja drafti, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. LaMelo Ball alipitia Illawarra Hawks, akachaguliwa wa 3 mwaka 2020. Josh Giddey, mtoto wa hukohuko, alitoka Adelaide 36ers akawa wa 6 mwaka 2021. Ousmane Dieng, Mfaransa, alitoka New Zealand Breakers akawa wa 11 mwaka 2022. Mfaransa mwingine, Alex Sarr, alitoka Perth Wildcats akawa wa 2 mwaka 2024. Huyo Sarr alikuwa bado hajaenda Perth nilipodanganywa mimi, lakini hao wengine niliwekewa mezani mmoja mmoja kama mtu anayehesabu noti. Usiku nikayatafuta majina kwenye simu, nikakuta yote ni ya kweli. Nikalala nikidhani nimefanya uchunguzi. Nilikuwa nimeichunguza Australia. Yule mtu sikumchunguza.

Watazame tena hao vijana. Hakuna aliyelipa ada ya kuingia, ligi ndiyo iliyowalipa mshahara. Na hakuna aliyeokotwa. Sarr alikuwa amepita timu za vijana za Real Madrid, kisha Overtime Elite, ligi ya vijana ya Atlanta. Dieng alilelewa kwenye kituo cha shirikisho la Ufaransa. LaMelo alijulikana duniani kabla hajaota ndevu. Maskauti wa NBA walikuwa na faili zao miaka kadhaa nyuma. Wako ameonekana mechi ngapi? Moja, umesema. Mechi moja ya muhula wa kwanza, na mtu aliyevaa kitambulisho cha plastiki shingoni.

Sasa nikueleze yangu.

Kijana ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dadangu, nimemlea tangu darasa la pili. Mwaka 2023 alikuwa Form Three, miaka 17, futi 6 na inchi 7, analala kwa kujikunja kitandani. Mwalimu mmoja wa michezo, ambaye baadaye nilikuja kujua alipewa elfu kumi yake, alinipigia akasema kuna mgeni anataka kuniona. Mgeni akaja na treksuti, tableti, na Kiswahili kitamu sana. Kijana akanishika mkono barazani akaniambia, "Khotsa (yaani mjomba), hii ndiyo ile nafasi." Wewe ni mzazi. Unajua mtoto asiye na mama akikuambia hivyo moyo unakuwaje.

Nilitoa shilingi 180,000 za "usajili na viza". Ng'ombe wawili wa kwa mama, Shinyalu, wakaenda. Kisha 12,000 kila mwezi za chakula kambini, miezi minane. Jumlisha mwenyewe. Lakini wewe unaulizia 95,000 kama kwamba hapo ndipo kuna hatari. Pesa niliziona zikienda, nikaumia, nikarudi sokoni Kibuye nikaanza tena. Pesa si neno.

Neno ni shule. Mwezi wa tano, muhula wa pili, nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu nikamtoa mtoto shuleni. Mwalimu mkuu, Mungu ambariki, alinikalisha chini akaniuliza mara tatu: "Kwa nini hawawezi kungoja mwaka mmoja na nusu?" Nilimjibu kama nilivyofundishwa: dirisha linafungwa, Australia wanataka wadogo, shule atamalizia hukohuko kwa mtandao. Sikuwa na jibu langu hata moja. Yote yalikuwa ya yule mtu, mimi nilikuwa mdomo tu.

Kambi yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Umoja, Nairobi, vijana saba, mazoezi mara mbili kwa wiki kwenye uwanja wa kukodi. Wikendi wanapelekwa kwenye mashindano ya pesa, zawadi anachukua ajenti. Mwezi wa tatu wa kambi hadithi ikageuka: Australia ingoje, kwanza apite klabu ya daraja la pili huko Ulaya "apate rekodi". Kijana akasainishwa karatasi ya klabu ambayo sijawahi kuona hata picha ya uwanja wake. Nilipouliza kuhusu barua ya ruhusa ya shirikisho, nikaambiwa hiyo ni ya wachezaji wakubwa. Uongo mtupu! FIBA, shirikisho la kikapu duniani, hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa sababu maalum zinazochunguzwa, na barua ile ni lazima. Mtu anayeitwa wakala hawezi kukosa kulijua hilo. Alilijua. Alichukua pesa za viza ya safari ambayo alijua haiwezekani, akamtazama mtoto yatima usoni, akamwambia afanye mazoezi kwa bidii. Mpaka leo nikisikia mtu akitamka neno "eksposha" natetemeka.

Disemba simu ya ajenti ikazimwa. Januari 2024 kijana akarudi na begi moja na goti lililovimba. Wenzake walikuwa wameingia Form Four. Shule yake haikuwa na nafasi tena. Akaanza Form Three upya shule nyingine, ya kutwa, kila asubuhi anapita getini watoto wadogo kwake wakimwita "Australia". Amefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Novemba 2025, akapata C plasi. Namshukuru Mungu kwa hiyo C plasi kuliko nilivyowahi kushukuru kwa kitu chochote.

Hilo la kurudia ndilo limenifanya nikuandikie usiku huu, kwa sababu wako hatakuwa nalo. Wangu alirudi akakuta kuna Form Three nyingine ya kuingia. Wako yuko kwenye kundi la mwisho la 8-4-4, mtaala wa zamani wa Kenya. KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, ya mwisho ilikuwa 2023, KCSE yao ni 2027, na nyuma yao kuna Gredi 10, mtaala mwingine kabisa. Akitoka sasa akarudi mwakani, atarudi darasa gani? Huyo ajenti ukimuuliza hivyo atakuambia "tutapanga". Muulize mwalimu mkuu, na yeye akujibu mbele ya kijana.

Sehemu ya pili ya hasara sikuijua mpaka mwaka jana. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani aliona video ya mpwa wangu kwenye mechi ya wikendi hapa Kisumu, akaandika kwa WhatsApp. Tulikesha kwa furaha. Maswali yake yalikuwa matatu: aliingia sekondari mwaka gani na atamaliza lini, amewahi kusaini na klabu yoyote, ana wakala? Hakuuliza anadanki vipi. Vyuo vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, vinatazama kama kijana amemaliza sekondari kwa muda wa kawaida wa nchi yake, na mkataba wa maandishi na wakala unaweza kumfungia mlango. Tulijibu ukweli. Kocha akaandika kwamba ataongea na ofisi yao inayohusika kisha atarudi. Ni miezi mingi sasa.

Kwa hiyo karatasi ile moja, ambayo haikumfikisha hata Entebbe, ilimharibia njia nyingine ambayo hatukujua kama ipo.

Najua kuna mtu atasema siku hizi vyuo vya Marekani vinachukua hata waliocheza kwa mshahara Ulaya. Ni kweli, tumewaona. Lakini hao ni vijana wenye klabu kubwa, mawakili, na chuo kinachowataka kiasi cha kupigania kesi yao. Hata LaMelo, baada ya kucheza Lithuania akiwa na miaka 16, watu waliona mlango wa chuo umeshafungwa kwake, na huyo ni LaMelo. Mtoto wa Kakamega aliyesaini na mtu wa tableti nani atampigania? Wewe na mimi?

Na huo mkataba. Wangu ulikuwa kurasa kumi na moja za Kiingereza cha mahakamani. Wakala kuchukua asilimia 20 ya kila kitu, wakati wakala wa mchezaji wa NBA hapiti asilimia 4 ya mshahara. Ukurasa wa saba ulikuwa na kifungu cha mdhamini: kijana akijitoa, mdhamini atarudisha gharama zote za maandalizi. Wakili mmoja hapa mjini alinieleza kwamba kijana chini ya miaka 18 hafungwi kirahisi na mkataba wa namna hiyo. Kisha akageuza karatasi akaweka kidole kwenye jina langu. "Lakini huyu ni mtu mzima," akasema. Sahihi ya mtoto haikuwa na kazi kwao. Walikuja kutafuta yangu, na Ijumaa wanatafuta yako.

Umeuliza Australia au Marekani. Kwa umri wake, hakuna yoyote kati ya hizo inayohitaji sahihi yako mwaka huu. Mtazame Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, hapo tu ng'ambo ya Busia. Alipelekwa akademia ya NBA kule Saly, Senegal, akasoma hapohapo. Akacheza ligi ya Afrika ya BAL kupitia mpango wao wa kuweka kijana mmoja wa akademia katika kila timu. Mwaka 2024 alikuwa na City Oilers ya Uganda. Halafu chuo cha Duke, Marekani, halafu mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 kwenye drafti ya NBA. Alicheza na watu wazima kabla ya chuo na mlango wa chuo ukabaki wazi, kwa sababu waliompeleka walijua sheria na shule haikukatika. Timu ya Nairobi City Thunder nao wameshafika BAL mwaka 2025, kwa hiyo hata hapa nyumbani kijana anaweza kuonwa bila kulala Umoja.

Kama huyo mtu ni wakala wa kweli, jina lake liko kwenye orodha ya mawakala wenye leseni kwenye tovuti ya FIBA, inatafutwa bure. Na mwandikie barua pepe klabu anayosema inamtaka kijana, kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya klabu, usitumie anayokupa yeye. Mimi niliandika baada ya kila kitu kuharibika. Walinijibu kwa siku mbili, kwa adabu, kwamba hawamjui. Siku mbili! Nilikuwa nimengoja miezi minane.

Akikuambia nafasi itapotea ikifika 2027, mwambie akuandikie hivyo kwa karatasi ya klabu, yenye jina la mtu wa klabu unayeweza kumpigia. Kijana wa futi 6 na inchi 8 hafupiki akiwa Form Four. Atakuwa na miaka 18, atakuwa na cheti mkononi, na kalamu atakayoshika itakuwa yake mwenyewe.

Mpwa wangu amesoma swali lako akiwa amesimama nyuma yangu. Anataka kuongea na kijana wako, wao wawili, bila sisi. Asubuhi ananisaidia dukani, jioni yuko uwanjani anafundisha watoto, usiku anapatikana. Niandikie kwenye ujumbe wa faragha nikupe namba yake. Na huo mkataba upige picha unitumie kabla ya Ijumaa, anza na ukurasa wenye neno "mdhamini".